Kutu ya Ubongo: Istiari, Ushahidi na Tiba ya Maradhi ya Alzheimer

1.0 Utangulizi

Chuma kikiachwa penye hewa na unyevu hushika kutu. Jambo hili analijua kila msemaji wa Kiswahili, na pengine ndiyo sababu waandishi wa makala za afya hupenda kulitumia wanapoeleza yanayoupata ubongo wa mzee anayepotewa na kumbukumbu. Husemwa kwamba oksijeni, ambayo bila yake hakuna uhai, ndiyo hiyohiyo inayoula ubongo polepole kama kutu inavyokula chuma. Na kwamba anayemeza vidonge vya kuzuia kutu hiyo ataiokoa akili yake.

Istiari hii haikutungwa pasipo msingi. Uharibifu unaoletwa na oksijeni katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer umethibitishwa na watafiti wengi kwa njia nyingi. Hata hivyo, istiari hubeba zaidi ya kile iliyotungiwa. Mwenye kutaja kutu ametaja pia msasa na mafuta: kilichoshika kutu husuguliwa kikang'aa, na kisichoshika bado hupakwa mafuta kikasalimika. Sehemu hii ya pili haikuthibitishwa. Ilidhaniwa tu, kisha ikauzwa.

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, kwamba oksidisho lina nafasi ya kweli katika maradhi ya Alzheimer, na kushindwa kwa vidonge hakuiondoi nafasi hiyo. Pili, kwamba tiba iliyojengwa juu ya istiari ya kutu imepimwa vya kutosha, na matokeo yake hayatoi ruhusa ya kumwambia mzee au jamaa zake watoe fedha zao kwa matumaini ya kuponyeka. Kwa kuwa kiini cha mkanganyiko huu ni lugha kama kilivyo sayansi, wataalamu wa Kiswahili nao wana la kufanya.

2.0 Maradhi na Dhana ya Oksidisho

Mwaka 1901, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alimpokea katika hospitali ya Frankfurt mwanamke mmoja, Auguste Deter, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu kabla ya kuwa mzee. Deter alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona mambo mawili: mabaka yaliyotapakaa nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliyaita maradhi hayo kwa jina la Alzheimer. Leo inajulikana kwamba mabaka yale hujengwa na vipande vya protini viitwavyo beta-amiloidi, na nyuzi zile na protini iitwayo tau. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi ya kupotewa na akili, na kwamba Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya hali hizo.

Dhana ya oksidisho ilitoka kwingine kabisa. Mwaka 1954 Rebeca Gerschman na wenzake walieleza kwamba sumu ya oksijeni nyingi na madhara ya mionzi hutokana na chanzo kimoja, yaani radikali huru: molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo kwa sababu hiyo hunyakua elektroni kutoka kwa molekuli zilizo jirani. Mwaka 1956 Denham Harman alidai kwamba kuzeeka kwenyewe kunatokana na uharibifu huo. Madai hayo hayakupata wasikilizaji wengi hadi mwaka 1969, pale Joe McCord na Irwin Fridovich walipogundua kazi ya kimeng'enya kiitwacho supaoksidi dismutasi, ambacho shughuli yake ni kuizima mojawapo ya radikali hizo. Iwapo mwili una mlinzi, basi adui yupo. Mwaka 1985 Helmut Sies alizikusanya fikra hizi chini ya dhana moja: kuvurugika kwa mizani baina ya vinavyooksidisha na vinavyozuia oksidisho, kwa kuelemea upande wa kwanza.

Ubongo una sababu za pekee za kuelemewa. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ngozi za seli zake zimejaa aina ya mafuta inayooksidishwa kwa urahisi. Una chuma na shaba, madini yanayoweza kuigeuza peroksidi ya hidrojeni kuwa radikali kali kuliko zote. Tena, seli nyingi za neva hazizaliwi upya. Iliyoharibika leo ndiyo itakayotumika miaka 30 ijayo.

3.0 Ushahidi Kutoka Ubongoni

Ushahidi wa kwanza ni alama zilizoachwa. Katika ubongo wa waliokufa kwa Alzheimer, mafuta yameoksidishwa, protini zimeoksidishwa, na hata RNA na DNA zina alama za kuguswa na radikali. Alama hizi ni nyingi kuliko zile za wazee wa umri uleule waliokufa na akili zao timamu.

Mpinzani anaweza kusema kwamba nyumba ikiungua lazima yawepo majivu, na majivu si chanzo cha moto. Pingamizi hili lina uzito, na ndilo lililowafanya watafiti waulize swali la wakati: alama hizi hutokea lini? Mwaka 2001, Akihiko Nunomura, George Perry, Mark Smith na wenzao walitoa jibu ambalo halikutarajiwa. Uharibifu wa oksidisho ulikuwa mkubwa zaidi mwanzoni mwa maradhi, nao ulipungua kadiri beta-amiloidi ilivyozidi kujikusanya. Kwa hiyo, katika ubongo huo oksidisho halikuwa majivu ya moto uliokwisha kuwaka.

Hapa yafaa kuwa na hadhari. Kuwahi kutokea si sawa na kusababisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lililotangulia ndilo lililonyesha. Ipo pia familia ya ushahidi inayoelekeza kwingine: mabadiliko ya kurithiwa katika jeni ya protini inayozaa amiloidi, yaliyotambuliwa mwaka 1991, na yale ya jeni ya presenilini, yaliyotambuliwa mwaka 1995, hutosha yenyewe kuleta Alzheimer ya mapema. Katika familia hizo hakuna shaka kwamba amiloidi imo karibu kabisa na chanzo. Mambo haya mawili hayagongani kama inavyodhaniwa. Beta-amiloidi hushikana na shaba na chuma na huweza kuzalisha vioksidishaji. Vioksidishaji navyo huweza kuongeza utengenezaji wa amiloidi. Panapokuwa na mzunguko wa namna hii, kuuliza kipi kilianza ni swali la haki, lakini lenye manufaa zaidi kwa mgonjwa ni kuuliza mzunguko huo waweza kukatwa wapi.

4.0 Vidonge Vilipopimwa

Mahali palipoonekana rahisi kukatwa palikuwa ni vitamini E, ambayo huyeyuka katika mafuta na huyakinga yasioksidishwe. Mwaka 1997 Mary Sano na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la miaka miwili kwa wagonjwa 341 wa kiwango cha kati. Waliopewa yuniti 2,000 za vitamini E kwa siku walichelewa kufikia hatua mbaya, kama vile kushindwa shughuli za kila siku, kupelekwa katika nyumba za matunzo, au kufariki. Lakini katika vipimo vya kumbukumbu hawakuwapita wengine. Habari ilipowafikia wasomaji wa kawaida, nusu ya kwanza ilisafiri na nusu ya pili ikabaki nyuma.

Mwaka 2005 Ronald Petersen na wenzake walitoa matokeo ya watu 769 waliokuwa wameanza kusahau lakini hawajafikia ugonjwa kamili. Kwa miaka mitatu vitamini E haikuzuia hata kidogo safari yao kuelekea Alzheimer. Mwaka 2014 Maurice Dysken na wenzake walitoa matokeo ya wanajeshi wastaafu 613 wa Marekani wenye maradhi ya kiwango kidogo hadi cha kati: waliotumia vitamini E walipoteza uwezo wa shughuli za kila siku polepole zaidi, tofauti iliyolingana na ucheleweshaji wa takriban miezi sita. Kumbukumbu haikuokoka. Mwaka 2017 jaribio la wanaume zaidi ya 7,500 nchini Marekani na nchi jirani lilionyesha kwamba vitamini E na seleniamu havikukinga watu wazima wenye afya dhidi ya kupotewa na akili. Dawa ya majani ya ginkgo, inayosifiwa sana kwa sababu hiyohiyo, ilijaribiwa kwa wazee 3,069, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba haikuzuia lolote.

Jaribio lenye funzo kubwa kuliko yote lilikuwa dogo. Mwaka 2012 Douglas Galasko na wenzake walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini E, vitamini C na asidi ya alfa-lipoiki walipungukiwa na alama ya oksidisho la mafuta kwa asilimia 19. Yaani dawa ilifika, na ikafanya kazi iliyotarajiwa. Lakini katika kipimo kimoja cha akili, wagonjwa hao hao waliteremka kwa kasi zaidi kuliko wasiopewa kitu. Kutu ilipungua, na chuma hakikupona.

Wapo wanaosema kwamba hata kama havisaidii, vidonge hivi havidhuru. Kauli hii nayo haisimami. Mwaka 1994 utafiti wa wavutaji sigara zaidi ya 29,000 nchini Finland ulionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wanaume waliopewa yuniti 400 za vitamini E kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Vitamini E nyingi hudhoofisha kuganda kwa damu, jambo la hatari kwa mzee anayetumia dawa ya kuyeyusha damu. Na yuniti 2,000 ni makumi ya mara ya kiasi kinachohitajiwa na mtu mzima kwa siku. Hiyo si lishe tena bali ni dawa, na dawa hutolewa na mganga anayemjua mgonjwa wake.

5.0 Sababu za Kutotimia kwa Matumaini

Ikiwa oksidisho ni la kweli, kwa nini kulizuia hakukutibu? Sababu zinazotolewa na watafiti ni kadhaa, na zikitazamwa pamoja zinaonyesha wazi mipaka ya istiari ya kutu.

Sababu ya kwanza ni wakati. Mabadiliko ya Alzheimer huanza miaka 15 hadi 20 au zaidi kabla ya mtu kuanza kusahau. Anayepewa kidonge siku anapoletwa hospitali amepewa mwavuli baada ya kulowa.

Sababu ya pili ni mahali na kasi. Sehemu kubwa ya vioksidishaji huzalishwa ndani ya mitokondria, ilhali vitamini E hukaa katika ngozi za seli. Aidha, radikali iliyo kali kuliko zote hushambulia molekuli iliyo jirani nayo papo hapo inapozaliwa. Hakuna kidonge kinachoweza kuikimbilia. Nayo peroksidi ya hidrojeni, ambayo si radikali, haiondolewi na vitamini E. Huondolewa na vimeng'enya vya mwili wenyewe.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Vioksidishaji si uchafu mtupu. Seli nyeupe za damu huvitumia kuua vijidudu, na seli nyingine hutumia peroksidi ya hidrojeni kupashana habari. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake walionyesha kwamba vijana waliofanya mazoezi ya mwili huku wakimeza vitamini C na E walikosa baadhi ya faida za mazoezi hayo katika kutawala sukari mwilini, kwa kuwa ni vioksidishaji vilivyozalishwa na mazoezi ndivyo vinavyouamsha mwili ujenge ulinzi wake. Kutu haimpi chuma ujumbe wowote. Oksijeni huupa mwili ujumbe kila siku. Hapo ndipo istiari inapokatika.

6.0 Wajibu wa Lugha

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kueleza mambo haya hukutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni dhana yenyewe ya kuelemewa na oksidisho. Baadhi ya waandishi huita hali hiyo "msongo wa oksidisho". Lakini msongo, katika matumizi ya kawaida ya leo, ni msongo wa mawazo. Msomaji asiye na kemia anaposoma kwamba msongo unaharibu ubongo, huelewa kwamba baba yake ameugua kwa kuwaza sana, na pengine huanza kumtafuta aliyemtia mawazo. Istilahi iliyokusudiwa kufafanua inakuwa imezua kesi nyumbani. "Elemeo la oksidisho" lingefaa zaidi, kwa kuwa kitenzi kuelemea kinabeba picha ya mizani ambayo ndiyo kiini cha fasili ya Sies, tena hakihusiani na huzuni wala wasiwasi.

Kikwazo cha pili ni jina la vile vinavyozuia oksidisho. Katika matangazo ya biashara vimezoeleka kuitwa "viondoa sumu mwilini". Jina hili lina kosa maradufu: haviondoi bali huzuia, na vinachokizuia si sumu tu bali pia ni mjumbe wa mwili. Anayeambiwa kwamba ana sumu mwilini hawezi kuuliza kama kiasi chake ni kingi au kidogo, kwa kuwa sumu haina kiasi chema. "Vizuiaoksidisho" ni jina refu na halina mvuto, lakini halidanganyi.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba dhana za sayansi hizo bila kutetereka. Kazi iliyobaki ni kuzitoa istilahi kamusini na kuzipeleka katika nathari inayosomeka. Istilahi isiyotumika katika maandishi ya umma huliacha soko mikononi mwa mtangazaji, naye hana haja ya usahihi.

Suala hili si la kinadharia. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili. Hao ni wazee ambao huangaliwa nyumbani na binti, mkaza mwana au mjukuu. Katika nyumba za namna hiyo, anayesahau huweza kudhaniwa kuwa amezeeka tu, au amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Maelezo ya kweli yakikosekana kwa lugha ya nyumbani, nafasi yake hujazwa na maelezo mengine.

7.0 Tiba Iliyopo na Inayowezekana

Dawa zilizopo zina uwezo wa kiasi. Donepezili, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996, na memantini, iliyoidhinishwa huko mwaka 2003, hupunguza dalili kwa muda bila kuzuia maradhi. Lekanemabu, iliyoidhinishwa kikamilifu nchini Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika muda wa miezi 18. Donanemabu ilifuata mwaka 2024. Dawa hizi hutiwa mshipani, huhitaji picha za ubongo za mara kwa mara, na huweza kuleta uvimbe au kuvuja kwa damu ubongoni. Gharama yake haifikiki kwa familia nyingi.

Jambo lenye matumaini zaidi kwa wengi halimo katika chupa. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya hali za kupotewa na akili duniani zinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara, hewa chafu, kutosikia vizuri, upweke na elimu duni ya utotoni. Mwaka 2019 jaribio la watu zaidi ya 9,000 nchini Marekani lilionyesha kwamba kulishusha sana shinikizo la damu kulipunguza kwa asilimia 19 hatari ya kudhoofika kidogo kwa akili, ambako ni hatua inayotangulia ugonjwa, ingawa punguzo la ugonjwa wenyewe halikufikia kiwango cha uthibitisho.

Yafaa kuzingatia kwamba kadhaa katika mambo hayo, kama vile sukari nyingi katika damu, moshi wa sigara na hewa chafu, ni vyanzo vinavyojulikana vya oksidisho. Hivyo, nadharia iliyoonekana kushindwa inarudi kwa mlango mwingine. Badala ya kumfukuza mjumbe kwa kidonge, huondolewa kinachomfanya apige kelele. Na badala ya kuutia mwili ulinzi wa kuazima, mwili huachiwa ujenge wake kwa mazoezi na chakula cha kawaida.

8.0 Hitimisho

Nadharia ya oksidisho katika Alzheimer imeponzwa na marafiki zake kuliko maadui. Waliiamini mapema, wakaifanya bidhaa kabla haijawa elimu, na bidhaa ilipopimwa ikapungua, wengi wakadhani kwamba nadharia nayo imepungua. Haki ni kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Uharibifu upo, huanza mapema, na bado unastahili kutafitiwa, hasa kwa njia zinazoimarisha ulinzi wa seli zenyewe. Vidonge vilivyouzwa kwa jina lake havijathibitishwa kuokoa kumbukumbu, na kipo kiasi ambacho hudhuru.

Binti anayemwangalia mama yake asiyemtambua tena anastahili kuambiwa hivyo, kwa maneno anayoyaelewa na kabla hajafungua mkoba wake. Akiambiwa kwamba fedha hiyo itafaa zaidi katika kupima shinikizo la damu la mama, na lake mwenyewe, atakuwa amepewa kitu anachoweza kukifanya leo. Kumwambia hivyo ni kazi ya daktari, lakini kumwandalia daktari maneno ya kusemea ni kazi ya wanaokitunza Kiswahili.